Ganzi ya Mkono Inayoamsha Usiku: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kukanda Neva Iliyobanwa Kifundoni

Wengi wanaokanda mkono wenye ganzi hapa Mombasa hushindwa kwa sababu ile ile: wanakandamiza pale pale panapobanwa. Msusi wa Majengo, fundi cherehani wa Biashara Street, mama anayekanda unga wa mahamri kabla ya adhana ya alfajiri, wote huja na kisa kimoja. Kifundo kilichuliwa kwa mafuta ya moto, kwa gumba, mpaka machozi yakatoka, na usiku huo ganzi ikazidi.

Ganzi hii, ambayo hospitalini utasikia ikiitwa karpali taneli, inatokana na neva iliyokosa nafasi. Ukiisaga zaidi unaizidishia shida. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kwanza ujue kama kweli ni neva ya kifundo, kisha uipe nafasi usiku, na mwisho ndipo uweke mkono wa kukanda. Mpangilio huu usiubadilishe. Anayeanza na kukanda hajui anakanda nini.

## Vitu vya kuandaa

- Banzi la kifundo, lile la kitambaa lenye ubapa wa chuma ndani, linalouzwa kwenye maduka ya dawa. Ukikosa, jarida nene lililozungushwa kuanzia kiganjani hadi katikati ya mkono na kufungwa kwa leso litakufaa kwa siku za mwanzo.
- Soksi ndefu ya pamba iliyokatwa ncha, ya kuvaa chini ya banzi. Kwa joto letu la pwani, banzi juu ya ngozi tupu huleta vipele vya jasho ndani ya siku chache, na mtu hulitupa.
- Mafuta ya nazi, kijiko kimoja tu. Usitumie dawa za kuchua zinazochoma. Ngozi yenye ganzi haihisi inapoungua, na ule moto unakuzuia kujua unakandamiza kiasi gani.
- Karatasi mbili na kalamu, na daftari dogo la kuweka karibu na kitanda.
- Pamba kidogo, na simu ya kupima sekunde.
- Mto na meza.
- Msaidizi mwenye subira. Kama mkono mmoja tu ndio unaosumbua unaweza kujikanda mwenyewe sehemu kubwa, ila baadhi ya vipimo, na sehemu ya nne na ya tano za kukanda, vinahitaji mtu wa pili.

Mashine ya kutetemesha misuli huihitaji. Jiwe la moto vilevile.

## Mikono isiyokandwa nyumbani

Sehemu hii isome hata kama una haraka.

Ganzi iliyoanza ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakavurugika, ni kiharusi mpaka daktari aseme sivyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ganzi inayoongezeka haraka baada ya kuanguka au kuvunjika kifundo, hasa mkono ukivimba, ni ya siku hiyo hiyo pia. Neva iliyobanwa ghafla kwa uvimbe haingoji miadi ya wiki ijayo.

Usikande kifundo chekundu chenye moto na homa, mkono wenye kidonda au usaha, mkono wenye damu iliyoganda, wala mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji wa kusafishia damu mtu mwenye figo zilizoshindwa. Ganzi ya mikono inayokuja pamoja na miguu kuyumba au mkojo kutoka bila kujua inatoka kwenye uti wa mgongo, na huko si kwa kukanda.

Na hijama: usikubali kuchanjwa wembe upande wa ndani wa kifundo. Neva, kano na mshipa wa damu viko karibu sana na ngozi pale.

## Hatua ya 1: Chora ganzi ilipo

Weka mkono juu ya karatasi, uzungushe kalamu upate umbo lake. Fanya hivyo upande wa kiganja na upande wa mgongo wa mkono. Kisha paka wino pale tu ganzi, sindanosindano au moto vinapotokea.

Kwa nini. Neva inayobanwa, neva ya mediani, ina mipaka yake. Inahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa gumba. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, nayo haipiti kwenye njia nyembamba ya kifundoni ambamo neva ya mediani hupita. Njia yenyewe imezungukwa chini na pembeni na mifupa midogo ya kifundo, juu imefunikwa na ukanda mgumu usiovutika, na ndani yake zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva hiyo moja. Chochote kikivimba mle ndani, anayeumia kwanza ni neva.

Ukiona hivi, uko sawa: wino uko kwenye vidole vitatu na nusu, hasa nchani, na kidole cha mwisho ni cheupe.

Tahadhari. Watu husema "mkono wote umekufa ganzi" kwa sababu usiku ndivyo unavyohisi. Chora tena asubuhi ukiwa umetulia. Angalia pia katikati ya kiganja. Tawi linalohudumia sehemu hiyo hupita juu ya ule ukanda, halipiti ndani ya njia, kwa hiyo kiganja chenyewe kwa kawaida hubaki na hisia. Kiganja kizima kikiwa na ganzi, neva huenda imebanwa juu zaidi kuliko kifundo.

## Hatua ya 2: Uliza habari za usiku

Swali ni moja: ukiamshwa na ganzi, unafanya nini? Mwenye shida hii hukung'uta mkono, kama anayekung'uta maji baada ya kunawa, na ganzi hupungua. Wengine huuning'iniza nje ya kitanda. Maumivu yanaweza kupanda mpaka kiwiko, hata bega, lakini ganzi hubaki vidoleni.

Sababu ni kwamba tukilala tunakunja vifundo bila kujua, tukaviweka chini ya shavu au chini ya mto. Kifundo kikikunjwa mbele au nyuma, shinikizo ndani ya njia hupanda. Mchana dalili zile zile huja ukishika kitu muda mrefu: simu sikioni, usukani wa tuktuk, gazeti.

Asiyeamshwa kabisa usiku, na ganzi yake haijali mkono umekaaje, nina shaka naye. Aende polepole na hatua zinazofuata.

## Hatua ya 3: Vipimo vitatu vya kifundo

Hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Vikikubaliana na mchoro wako, una sababu ya kuendelea.

Kuacha viganja vidondoke. Weka viwiko mezani, mikono ikiwa wima, halafu acha viganja vianguke mbele vyenyewe kwa uzito wao. Hesabu sekunde 60. Ganzi ikija au ikizidi kwenye vile vidole vitatu na nusu, kipimo kimeshika. Wengi hukosea hapa kwa kusukumanisha migongo ya mikono kwa nguvu. Hapo hata mzima atalalamika, na jibu halina maana.

Kukandamiza njia. Msaidizi aweke magumba mawili kwenye kiganja, mbele kidogo ya mkunjo wa kifundo kuelekea vidoleni, katikati ya vivimbe viwili vya mifupa unavyovigusa chini ya gumba na chini ya kidole cha mwisho. Akandamize sawasawa, nguvu ya kufanya kucha yake ibadilike rangi, kwa sekunde 30. Ganzi ikitokea vidoleni, simamisha. Huna haja ya kumaliza muda. Nakipenda kipimo hiki kuliko vingine kwa sababu kinafanya kazi hata kwa mtu ambaye kifundo chake hakikunjiki vizuri, mathalani aliyewahi kuvunjika.

Kugonga. Gonga pale pale kwa ncha ya kidole, taratibu, mara chache. Kinachotafutwa ni umeme unaoruka kwenda vidoleni. Maumivu ya pale ulipogonga hayahesabiki. Hiki ndicho dhaifu kuliko vyote. Kisipojibu usikate tamaa.

Mwisho, mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa pamba ncha ya kidole cha shahada, kisha ya kidole cha mwisho, na umwulize kama vinahisi sawa. Tofauti ya wazi iandike kwenye karatasi yenye mchoro.

## Hatua ya 4: Pima gumba

Laza mgongo wa mkono mezani, kiganja kikitazama dari. Inua gumba moja kwa moja kuelekea dari. Msaidizi alisukume kulirudisha chini huku wewe ukikaza. Linganisha na mkono wa pili.

Kisha weka mikono miwili pamoja chini ya mwanga na utazame ile nyama nene iliyo chini ya gumba. Je, imebonyea upande mmoja?

Tahadhari kubwa. Nyama ikiwa imekwisha, gumba likishindwa kukaza, au ganzi ikiwa haiondoki usiku wala mchana, hatua za kukanda si zako. Neva imebanwa kiasi cha kuanza kufa, na kila mwezi wa kuchua unapunguza kitakachookolewa. Vaa banzi na uende kwa daktari wa mifupa. Nimeona mikono mingi iliyofika hospitali ikiwa na kiganja bapa kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa na mafuta yake ya kujaribu, na jambo hilo linaniuma.

## Hatua ya 5: Shingo, kiwiko na sukari

Shingo. Geuza kichwa taratibu upande wa mkono unaouma, ukiinua kidevu kidogo. Ganzi au umeme ukishuka kutoka shingoni hadi mkononi, tatizo huenda linaanzia huko. Usilazimishe, na kamwe usimruhusu mtu kukuvunja shingo mpaka ilie.

Kiwiko. Wino ukiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, neva inayolalamika ni ile ya upande wa ndani wa kiwiko. Banzi la kifundo halitakusaidia.

Sukari. Ganzi ya mikono yote miwili pamoja na nyayo, inayokuja kama umevaa soksi na glavu, ni dalili ya kupima sukari. Kisukari pia huongeza uwezekano wa kubanwa neva ya kifundo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Vivyo hivyo tezi ya koo inayofanya kazi chini ya kiwango, baridi yabisi, unene na ujauzito. Ganzi ya mikono yote miwili bila kazi ngumu ya mikono, mimi humtuma mtu kupima sukari na tezi kabla sijamgusa.

Uamuzi. Mchoro sahihi, usiku unaoamsha, na angalau kipimo kimoja cha kifundo kilichoshika, huku gumba likiwa na nguvu: endelea na hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Lifunge banzi usiku

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa, na ndiyo inayobeba tiba nzima.

Kabla ya kuvaa, toa ule ubapa wa chuma uutazame. Mabanzi mengi ya dukani huja yakiwa yamepinda, yakikirudisha kifundo nyuma. Unyooshe kwa mkono au ukingoni mwa meza mpaka kifundo kikae sawa na mkono, hakikukunjwa wala hakikuinuliwa. Shinikizo ndani ya njia huwa dogo kifundo kikiwa kimenyooka, na mpindo mdogo tu huliongeza.

Vaa soksi, kisha banzi, ukifunga mikanda kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake. Vidole viwe huru. Uweze kugusanisha gumba na kidole cha mwisho. Lala nalo kila usiku kwa wiki sita, hata wiki ya pili ukiona umepona.

Mafanikio yake: kwanza unaamka mara chache, halafu unaamka asubuhi bila kukung'uta. Kwa wengi hilo huonekana ndani ya wiki mbili tatu.

Tahadhari. Usilivae mchana kutwa kwa kukaza. Mkono usiotembea huganda. Vidole vikivimba au kubadilika rangi, umefunga mno.

## Hatua ya 7: Kukanda

Je, mikono inasaidia kweli? Utafiti mmoja wa Uhispania uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa wanawake 120 makundi mawili: wengine walipasuliwa, wengine walitibiwa kwa mikono. Katika miezi ya mwanzo waliokandwa walitangulia kupata nafuu, na kufikia miezi 6 na 12 makundi yote yalilingana. Lakini angalia walichofanyiwa. Waliowatibu walikuwa na ujuzi, na hawakung'ang'ania kifundo. Walifuata njia nzima ya neva, tangu shingoni, begani, kwenye kiwiko mpaka kiganjani. Hilo ndilo la kuiga, kwa kiasi kinachowezekana nyumbani.

Mkao. Keti, mkono juu ya mto mezani, kiganja juu, kifundo kimenyooka, kiwiko kimekunjwa kidogo, bega limeshuka. Msaidizi aketi mkabala, asisimame. Anayesimama hukandamiza kwa uzito wa mwili wote.

Kipimo cha nguvu. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni ya kupiga kelele. Usivuke nne. Ganzi ikianza kutambaa vidoleni wakati wa kukanda, uko juu ya neva: ondoa mkono, sogea upana wa kidole kimoja, endelea.

Kwanza, misuli ya mkono wa chini. Paka mafuta kidogo. Kwa kiganja kizima teleza kutoka juu ya kifundo kwenda kiwikoni, taratibu, kwa dakika tatu. Anzia vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo, si kwenye mkunjo. Misuli inayokunja vidole iko huku juu, na ile inayofika kwenye njia ni kano zake. Msuli ukilegea huku, kano zinavutwa kidogo kule.

Pili, chini ya kiwiko. Upande wa ndani, upana wa vidole vitatu chini ya mkunjo wa kiwiko, kuna msuli wa mshazari unaogeuza kiganja chini. Kwa watu wengi neva ya mediani hupita kati ya sehemu mbili za msuli huo. Mkunaji nazi na mkazaji wa bisibisi huwa nao mgumu kama ubao. Laza gumba bapa juu yake, zama polepole, tulia sekunde 20 hadi 30 mpaka uhisi unalegea. Rudia sehemu mbili au tatu. Usisuguesugue.

Tatu, nyama ya gumba. Izungushe kwa gumba lako taratibu kwa dakika moja, kisha ivute kwenda nje kama unafungua kiganja.

Nne, kufungua kiganja. Hapa ndipo panapotaka akili. Msaidizi ashike mkono kwa mikono yake miwili, vidole vyake vikiwa nyuma ya mkono, gumba moja kando ya kivimbe cha chini ya gumba na lingine kando ya kivimbe cha chini ya kidole cha mwisho. Vidole vya nyuma visukume juu kidogo huku magumba yakivuta kwenda pembeni, kila moja upande wake. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara tano. Magumba yasiteleze kuingia katikati. Katikati ndipo neva ilipo, na palepale ndipo tulipokuwa tukipima kwa kukandamiza.

Tano, mifupa ya kifundo. Mkono mmoja wa msaidizi ushike mwisho wa mifupa ya mkono, juu tu ya kifundo. Mwingine ushike kiganja karibu na kifundo. Avute taratibu kama anayetaka kuachanisha mikono hiyo miwili, atulie sekunde tano, aachie. Kisha, akiwa bado anavuta kidogo, asogeze kiganja juu na chini kwa milimita chache tu, mara kumi. Hakuna kukunja na hakuna kutafuta mlio. Kusogeza kwa nguvu zaidi ya hapo ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Maliza kwa kuzungusha mabega nyuma na kuinamisha kichwa upande wa pili taratibu. Yote huchukua dakika kumi na tano hivi. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na usikande siku mbili mfululizo wiki ya kwanza.

Mafanikio yake: mara baada ya kukanda kiganja kinahisi chepesi na usiku huo hauwi mbaya kuliko wa jana. Usiku ukiwa mbaya zaidi, nguvu ilizidi. Ruka siku mbili, kisha rudi kwa nusu ya nguvu ile. Ukiwa mbaya tena, acha kukanda ubaki na banzi.

## Hatua ya 8: Telezesha neva

Neva hutembea ndani ya mkono kila unapoukunja na kuunyoosha. Fikiria utepe ndani ya pindo la kiuno cha suruali: ukivuta ncha zote mbili kwa pamoja unakazika, ukivuta moja huku ukiachia nyingine unateleza. Tunataka uteleze. Yale mazoezi ya kunyoosha mkono wote ukutani, kifundo nyuma na kichwa upande wa pili, yanavuta ncha zote mbili. Kwa neva iliyokasirika ni mapema mno.

Fanya hivi. Keti, mkono ubavuni, kiwiko kimekunjwa, kiganja kikitazama juu. Nyoosha kiwiko huku ukikunja kifundo kuleta vidole kwako. Kisha kunja kiwiko huku ukipeleka kifundo nyuma. Miendo hii miwili iende pamoja, laini, bila kusimama mwishoni. Mara kumi, asubuhi na jioni.

Ukihisi mvuto mdogo, sawa. Ukihisi ganzi, punguza mwendo uwe nusu. Zoezi hili halina zawadi kwa anayevumilia maumivu.

## Hatua ya 9: Telezesha kano

Anza na vidole vimenyooka. Vikunje viungo vya juu tu viwe kama ndoana. Rudi. Funga ngumi kamili. Rudi. Kunja vidole penye mzizi tu, vikae kama ukingo wa meza. Rudi. Kila umbo mara tano, kifundo kikiwa kimenyooka. Usikaze ngumi, kwa sababu ngumi iliyokazwa huongeza shinikizo.

## Hatua ya 10: Badilisha mshiko kazini

Kukanda kwa dakika kumi na tano hakushindani na kazi ya saa nane. Huwezi kuacha kazi, lakini kifundo kinaweza kukaa vingine.

Kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nazi isizungushwe kwa kifundo pekee. Sogeza mkono mzima kutoka begani, na ukiwa na nazi nyingi za biashara, gawana kazi na mwenzio au tumia mashine ya sokoni. Unga wa mahamri ukande kwa mikono miwili, meza ikiwa chini ya kiwiko, ukisukuma kwa uzito wa mwili badala ya kiganja kilichokunjwa nyuma. Msusi ainue kiti cha mteja mpaka vifundo vyake vinyooke, na apumzike vidole kila anapomaliza mistari michache. Dereva wa tuktuk na wa boda: mishikio mingi ni myembamba, izungushie raba au kitambaa iwe minene, mtetemo upungue na vidole visikaze sana. Kufua: usikamue mashuka kwa kusokota. Tundika yakichuruzika maji. Jua letu litamaliza.

Kwa wanaoswali, ukiinuka kutoka sijda usisukume mwili wote kwa viganja. Inuka kwa mapaja, au shika magoti.

Kuhusu dawa: vidonge vya maumivu havifungui njia, na sindano za vitamini B zinazochomwa dukani hazijathibitika kutibu hali hii. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi.

## Hatua ya 11: Andika, kisha pima tena

Kila asubuhi andika mambo mawili daftarini: umeamka mara ngapi kwa ganzi, na ulikung'uta au la. Mwisho wa wiki ya tatu na ya sita, rudia mchoro, kipimo cha kudondosha viganja na kipimo cha gumba.

Mpangilio wa kupona ni huu: usiku hutangulia, sindanosindano za mchana hufuata, hisia ya ncha za vidole huja mwisho. Mchoro ukipungua wino lakini ncha bado nzito, unaenda vizuri. Neva hurudi polepole.

Wajawazito wawe na subira ya namna yake. Ganzi hii huja zaidi miezi ya mwisho kwa sababu ya maji mwilini, na wengi hupona baada ya kujifungua. Banzi na hatua ya 8 vinawatosha; sehemu ya nne na ya tano za kukanda waziache.

## Wiki sita zikiisha bila nafuu

Usianze upya kutoka mwanzo. Nenda hospitali, iwe Coast General au kituo kingine chenye idara ya fiziotherapia na daktari wa mifupa, ukiwa na michoro na daftari lako. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa neva kuona imebanwa kiasi gani.

Kinachofuata mara nyingi ni sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na njia ile. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwenye wiki ya sita sindano ilikuwa na nafuu kubwa kuliko banzi la usiku, lakini kufikia miezi sita tofauti haikuwa ya wazi tena. Kwa hiyo mwenye maumivu yasiyomruhusu kulala anafaa kuifikiria. Anayevumilia anaweza kuongeza muda wa banzi. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, kwa sababu sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Upasuaji hukata ule ukanda mgumu ili njia ipanuke. Ni mdogo, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu ile tu, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo. Wengi hulala vizuri ndani ya siku chache. Nguvu ya kushika huchukua miezi, na kiganja huuma kidogo ukikisukumia juu ya kitu. Vidole vichezeshwe tangu siku ya kwanza, kwa yale maumbo ya hatua ya 9, na kovu likishafunga daktari ataruhusu kulikanda kwa mafuta ya nazi, taratibu, dakika chache kila siku.